Ufunguo Uko Nyumba ya Jirani

Guimiliau ni kijiji cha watu wapatao elfu moja, lakini uani mwa kanisa lake kuna sanamu za mawe kama 200 zilizopangwa kuzunguka msalaba mrefu, na zote zilichongwa kati ya mwaka 1581 na 1588. Hapakuwahi kuwa na mfalme hapa, wala askofu. Kilomita chache upande mmoja kuna Lampaul-Guimiliau, na upande wa pili Saint-Thégonnec, na kila kimoja kati ya vijiji hivyo kina kanisa ambalo mji mkubwa ungejivunia. Mgeni anayefika Bretagne, rasi iliyo magharibi kabisa mwa Ufaransa, hawezi kusimama kwenye ua ule bila kujiuliza fedha zilitoka wapi.

Zilitoka kwenye kitani. Tangu karne ya 15 hadi kuelekea mwisho wa karne ya 17, eneo la Léon, kaskazini mwa mkoa wa Finistère, lililima na kufuma kitani kilichosifika hadi ng'ambo ya bahari. Mbegu ziliingia kwa meli kutoka nchi za Baltiki kupitia bandari ya Roscoff. Nyuzi zilisokotwa majumbani, zikachemshwa kwa majivu na kusuuzwa tena na tena katika vibanda vya mawe vilivyojengwa kando ya vijito, kisha wafumaji wakafanya kazi yao, na marobota ya nguo yakatoka Morlaix na Landerneau kwenda Uingereza. Katikati ya biashara hiyo walikuwapo matajiri wa vijijini ambao Wabretoni waliwaita juloded. Walikuwa wakulima na wachuuzi wa nguo kwa wakati mmoja, wakioana wao kwa wao. Hawakuhamia mjini, na fahari yao waliionyesha kanisani.

Watu hao ndio waliokaa katika baraza la walei lililosimamia mali ya parokia. Baraza lilipokea sadaka na wasia, lilikodisha mashamba ya kanisa, lilifunga mikataba na wachongaji na mafundi wa vinanda, na kazi ilipokwisha liliagiza majina ya wasimamizi wake yachongwe ukutani pamoja na mwaka. Anayeijua kamati ya ujenzi ya parokia, na michango yake, na maneno yanayosemwa pale parokia jirani inapopandisha mnara, atawaelewa watu hawa bila shida. Ushindani ulikuwa mkali. Guimiliau ilipomaliza Kalvari yake, yaani ule msalaba na sanamu zake, Plougastel-Daoulas ilijenga ya kwake mwaka 1602 hadi 1604, na Saint-Thégonnec ikafuata mwaka 1610. Saint-Thégonnec ilikuwa tayari na lango la fahari tangu 1587. Haikutosheka, ikaongeza nyumba ya mifupa kati ya 1676 na 1682 na mimbari mwaka 1683.

Wasafiri wengi huanzia kwenye makanisa makuu ya mijini, kwa mfano Quimper. Mimi nashauri mgeni aanzie huku, kijijini. Huko mjini utaona kazi ya maaskofu na wafalme kama unavyoweza kuiona kwingi Ulaya. Huku utaona jambo ambalo ni nadra: watu wa kawaida waliojiamulia wenyewe wajenge nini, wamlipe nani, na nani aonekane kwenye mawe.

Ua wa kanisa una mpango wake, na ni vizuri kuufuata. Unaingia kwa lango kubwa la mawe, lililojengwa kama la mshindi wa vita, na kwa lango hilohilo jeneza lilipita. Ukuta wa mawe unazunguka eneo lote. Ndani yake kuna makaburi, au nyasi pale ambapo makaburi yamekwisha kuhamishwa. Kisha kuna Kalvari, kuna nyumba ya mifupa, na upande wa kusini wa kanisa kuna baraza la kuingilia lenye mitume kumi na wawili, sita kulia na sita kushoto. Chini ya mitume kuna viti vya mawe. Usivipite haraka. Hapo ndipo baraza la parokia lilipokutana kuzungumzia mapato na matumizi, Petro na wenzake wakiwa juu ya vichwa vyao.

Mawe yenyewe yanastahili kutazamwa kwa karibu. Kuta nyingi ni za matale magumu yenye chembechembe, ambayo hayakubali urembo mdogomdogo. Lakini karibu na ghuba ya Brest hupatikana jiwe jingine, kersanton, lenye rangi ya kijivu inayokaribia nyeusi. Likichimbwa ni laini, patasi inaingia vizuri, na kadiri linavyokaa hewani linazidi kuwa gumu. Ndiyo maana sanamu iliyonyeshewa na mvua ya bahari kwa zaidi ya miaka 400 bado ina mikunjo ya nguo, vifungo na machozi ya mviringo mashavuni.

Huko Guimiliau, izunguke Kalvari polepole. Matukio ya maisha ya Yesu hayakupangwa kwa mfuatano wa wakati, kwa hiyo usisimame mahali pamoja ukitegemea kuyasoma kama ukurasa. Waandishi wanne wa Injili wako pembeni, kila mmoja na mnyama wake au malaika wake. Askari wanaomkamata Yesu wamevaa kofia na kola za Ulaya ya karne ya 16, yaani mavazi ambayo mfumaji wa kitani alikuwa ameyaona kwa macho yake bandarini. Kwenye jukwaa la juu, mtafute msichana aliye uchi katikati ya mashetani wanaomvuta kuelekea kinywa cha dude kubwa. Huyo ni Katell Gollet, yaani Katell aliyepotea. Hayumo katika Biblia. Yumo katika masimulizi ya Kibretoni: msichana aliyependa ngoma na wanaume, akaficha dhambi zake kwenye kitubio, akaiba hostia iliyowekwa wakfu na kumpa shetani. Wazee wa baraza waliona anafaa kukaa juu ya jiwe lilelile wanapokaa mitume, karibu kabisa na Karamu ya Mwisho. Mahubiri hayakuhitaji kitabu. Mtoto wa miaka saba angeyaelewa akiwa ameshikwa mkono na bibi yake.

Ndani ya kanisa hilohilo, nyuma, kuna birika la ubatizo lenye paa la mti wa mwaloni lililobebwa na nguzo nane zilizosokotwa, zimezungukwa na mizabibu yenye majani na vishada. Mwaka wake ni 1675. Nakuomba uukumbuke. Mwaka huo wakulima wa Bretagne waliinuka dhidi ya kodi mpya za mfalme Louis wa 14, wengi wao wakiwa upande wa kusini zaidi kuliko Guimiliau, wakavaa kofia nyekundu na kuvamia nyumba za mabwana. Mtawala wa jimbo, Duke wa Chaulnes, aliwaadhibu kwa njia ambayo kila kijiji kiliielewa: aliagiza minara ya kengele ikatwe, maana kengele ndizo zilizowaita watu kwenye uasi. Ukifika Pont-l'Abbé, nenda ukautazame mnara wa Lambour. Mpaka leo hauna kilele. Kwa Léon, pigo lilikuja polepole. Ushuru wa Colbert, waziri wa mfalme, uliwaudhi Waingereza, nao wakalipiza, vita vikafuata, soko la kitani likafungwa. Ujenzi ulipungua kizazi hadi kizazi. Kwa maoni yangu hiyo ni sababu mojawapo ya makanisa haya kubaki kama yalivyokuwa: karne ya 18 haikuwa na fedha za kuyabomoa na kuyajenga upya.

Lampaul-Guimiliau huhitaji muda mfupi zaidi, lakini usiiache. Mnara wake ulipigwa radi mwaka 1809 ukapoteza sehemu ya juu. Ndani, boriti kubwa yenye rangi inakatiza kanisa juu ya vichwa vya waumini ikimbeba Kristo msalabani, Maria na Yohane. Saint-Thégonnec nayo iliungua sehemu mwezi Juni 1998, na kazi ya kuirudisha ilichukua miaka mingi. Ukiitazama leo unaweza usijue, na hiyo ndiyo sifa ya mafundi walioifanya.

Plougastel-Daoulas ina kovu la namna nyingine. Kalvari yake ilijengwa baada ya tauni ya mwaka 1598, na ukitazama mti wa msalaba utaona nundu zilizochongwa juu yake, alama ya majipu ya ugonjwa ule. Mwaka 1944, wakati wa vita vya kuikomboa Brest, makombora ya Wamarekani yaliivunja. Ofisa wa Kimarekani, John D. Skilton, aliona uharibifu ule, na alipokwisha vua magwanda alichangisha fedha kwao ili Kalvari ijengwe tena. Sanamu zilirudishwa mahali pake.

Sasa kuhusu wafu. Bretagne ya zamani haikuwaficha. Makaburi yalikuwa madogo na watu walitaka kulala karibu na madhabahu, kwa hiyo baada ya miaka kadhaa mifupa ilifukuliwa ili mwingine apate nafasi, ikawekwa katika nyumba ya mifupa uani. Kila aliyekwenda misa aliipita. Katika kanisa kuu la zamani la Saint-Pol-de-Léon bado yapo masanduku madogo ya mbao, kila moja na fuvu la mtu, jina lake na mwaka wake, na tundu mbele ili uso uonekane. Huko La Roche-Maurice, kwenye nyumba ya mifupa ya mwaka 1639, kuna Ankou amechongwa juu ya birika la maji ya baraka, ameshika mshale, na maandishi yake yanasema kwamba anatuua sote. Ankou ni mtumishi wa kifo. Wabretoni walisimulia kwamba mtu wa mwisho kufa katika mwaka parokiani ndiye anayeshika kazi hiyo mwaka unaofuata, kwa hiyo kila parokia ilikuwa na Ankou wake, tena aliyejulikana kwa jina na ukoo. Huko Ploumilliau amechongwa kwa mbao, mifupa mitupu, na vifaa vyake mkononi.

Katika kikanisa cha Kermaria-an-Iskuit, karibu na Plouha, hadithi hiyohiyo imechorwa ukutani. Ni safu ya watu walioshikana mikono na maiti wanaocheza ngoma: papa, mfalme, kardinali, mpaka mkulima. Picha hizo zilifichwa chini ya chokaa kwa miaka mingi na zikagunduliwa tena mwaka 1856. Rangi zimefifia, na watu wengine hutoka wakiwa wamevunjika moyo. Nakushauri ukae dakika kumi kwenye benchi, macho yazoee mwanga hafifu. Miguu ya wafu itaanza kuonekana kabla ya nyuso za walio hai.

Kermaria inatuingiza kwenye jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote, yaani vikanisa. Parokia za Bretagne zilikuwa kubwa na zilikuwa na vigango kama zilivyo parokia zetu, na kila kigango kilikuwa na kikanisa chake, mtakatifu wake na chemchemi yake. Watakatifu hao ni mamia. Wengi walikuwa watawa waliovuka bahari kutoka Wales, Cornwall na Ireland katika karne ya 5 na ya 6, na masimulizi yanasema baadhi yao walivuka ndani ya mitumbwi ya mawe. Roma haikuwahi kuwatangaza wengi wao. Kijiji kilimjua mtakatifu wake na hiyo ikatosha. Herbot alilinda ng'ombe, na wakulima walimletea sadaka ya nywele za mikia ya mifugo. Cornély, huko Carnac, yuko ukutani mwa kanisa lake katikati ya ng'ombe dume wawili. Yves, aliyefariki mwaka 1303 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1347, alikuwa hakimu na mtetezi wa maskini. Sanamu zake humwonyesha amesimama kati ya tajiri na fukara, na kila mwezi Mei mawakili huja Tréguier wakiwa na majoho yao kumfuata katika maandamano.

Ukiwa na nafasi ya kuona kikanisa kimoja tu, nenda Saint-Fiacre, nje kidogo ya mji wa Le Faouët. Ndani kuna ukuta wa mbao unaotenga mahali pa padri na mahali pa waumini, wenye rangi nyekundu, kijani na dhahabu, umetobolewa urembo mwembamba mpaka unashangaa mbao zimewezaje kusimama. Aliyeuchonga, Olivier Le Loergan, aliandika jina lake na mwaka 1480. Baada ya Mtaguso wa Trento, kuta za namna hii zilibomolewa kwingi Ulaya ili waumini waione madhabahu. Bretagne vijijini ilibakiza nyingi. Tazama upande wa mbele kuna msalaba na wale wanyang'anyi wawili, halafu zunguka nyuma. Huko fundi amechonga dhambi za watu anaowajua: mwizi yuko juu ya mti anachuma matunda yasiyo yake, mlevi amefungua kinywa, na kinywani mwake anatoka mbweha mzima. Upande huo ndio uliotazamana na padri. Waumini waliona wokovu, na mchungaji wao akawekewa mbele ya macho makosa ya kundi lake.

Kilomita chache kutoka hapo ni Sainte-Barbe, kilichobanwa kwenye ubavu wa jabali. Inasimuliwa kwamba bwana mmoja, Jean de Toulbodou, alikuwa akiwinda bondeni dhoruba ikamkuta, mawe yakaporomoka, akaweka nadhiri kwa mtakatifu Barbara, mlinzi dhidi ya radi. Ujenzi ulianza mwaka 1489. Mahujaji hupiga kengele kubwa iliyo juu, na mgeni naye anaruhusiwa kuipiga. Ipige.

Sasa habari za ufunguo. Tangu sheria ya mwaka 1905 iliyotenganisha dini na serikali ya Ufaransa, makanisa ya parokia na vikanisa vingi vilivyokuwapo ni mali ya manispaa. Paroko anavitumia; havimiliki. Majira ya kiangazi vikanisa vinavyojulikana huwa wazi. Majira mengine utakuta mlango umefungwa, na mara nyingi karatasi ndogo imebandikwa kusema ufunguo uko kwa nani, au itabidi uulize katika ofisi ya manispaa au mkahawa ulio karibu. Usikate tamaa wala usione haya. Mzee anayetunza ufunguo kwa kawaida ni mjumbe wa kamati ya kikanisa, na kamati hiyo ndiyo iliyoziba paa. Atakufungulia, kisha atakuonyesha kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chochote: nguruwe anayepiga filimbi kwenye boriti iliyo juu kabisa ya ukuta, au uso wa mtu ambaye familia yake bado inakaa bondeni.

Hali haikuwa hivi siku zote. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vikanisa vingi vilikuwa vinaanguka, miti ikiota ndani, sanamu zikiuzwa au kuibwa. Chama cha Breiz Santel kilianzishwa mwaka 1952 ili kuviokoa, na vijiji vikajifunza kuchangisha: sikukuu ya mtakatifu, ngoma za usiku, chapati nyembamba za Kibretoni na pombe ya tofaa, faida yote ikaenda kwenye mbao na vigae. Baadhi ya waliojitolea hawakuwa waumini. Sioni ajabu yoyote hapo. Mtu huweza kuipenda nyumba ambayo bibi yake alifungiwa ndoa hata kama yeye mwenyewe hasali.

Kikanisa cha Trémalo, juu ya mji wa Pont-Aven, kinaonyesha uzuri wa kitu kubaki mahali pake. Paa lake upande mmoja linateremka karibu liguse nyasi. Ndani ananing'inia Kristo wa mbao, mwembamba, rangi yake imefifia ikawa njano hafifu. Paul Gauguin alimtazama huyo, na mwaka 1889 akamchora kwa rangi ya njano kali katikati ya wanawake wa Kibretoni waliopiga magoti. Mchoro huo uko Buffalo, Marekani, na watu hulipa kuuona. Kristo mwenyewe bado yuko kwenye ukuta uleule.

Msomaji Mwislamu wa pwani yetu anaweza kuwa amesoma mpaka hapa kwa adabu ya mgeni tu. Basi twende pamoja hadi Vieux-Marché, katika mkoa wa Côtes-d'Armor, kwenye kitongoji cha Sept-Saints. Kikanisa cha hapo kilijengwa mwanzoni mwa karne ya 18 juu ya kaburi la mawe makubwa la watu wa kale, waliokuwapo maelfu ya miaka kabla ya Ukristo. Mawe yale hayakuondolewa. Ndiyo yaliyogeuka chumba cha chini cha kikanisa, na ndani yake zimewekwa sanamu za vijana saba. Ni vijana wa Efeso waliokimbia mateso ya mfalme, wakaingia pangoni, Mungu akawalaza usingizi mrefu na kuwaamsha zama nyingine. Wakristo huwaita Watakatifu Saba Waliolala. Waislamu wanawajua kama Watu wa Pangoni, As-habul Kahf, ambao habari zao zimo katika sura ya 18 ya Kurani, ile ambayo wengi huisoma kila Ijumaa.

Louis Massignon, profesa wa Kifaransa aliyetumia maisha yake kusoma Uislamu na aliyeandika kazi kubwa kuhusu sufi al-Hallaj, alitambua kwamba wimbo wa zamani wa Kibretoni uliokuwa ukiimbwa kwenye sikukuu ya kigango hiki unasimulia kisa kilekile. Mwaka 1954 aliwaalika Waislamu waje kwenye sikukuu hiyo kama mahujaji. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, vita vya Algeria vilianza. Massignon hakurudi nyuma. Alifariki mwaka 1962, na hija imeendelea kila mwaka mwezi Julai. Kuna misa, kuna maandamano ya Kibretoni yenye bendera, moto mkubwa unawashwa Jumamosi jioni, na Jumapili watu huteremka hadi chemchemi, na hapo Suratul Kahf husomwa kwa Kiarabu. Hakuna anayeombwa aache imani yake wala aichanganye. Nimesoma mengi kuhusu mazungumzo ya dini, mengi yakifanyika kwenye hoteli. Hili la kijiji kilichosogeza viti vyake ili wageni wapate nafasi kwenye sikukuu yake chenyewe lina uzito ambao maazimio hayana.

Abasia zina historia tofauti. Landévennec, kwenye mlango wa mto Aulne, inahesabu mwanzo wake kwa mtakatifu Guénolé mwishoni mwa karne ya 5. Mwaka 818 watawa wake walipokea kanuni ya Benedikto. Mwaka 913 Waviking waliichoma, na watawa wakakimbia na masalia ya mtakatifu wao. Ilijengwa tena, ikaishi mpaka Mapinduzi ya Ufaransa, kisha ikauzwa na mawe yake yakachukuliwa. Beauport, karibu na Paimpol, ilianzishwa mwaka 1202 kandokando ya bahari. Kanisa lake leo halina paa, na maua yanaota pale palipokuwa na viti vya watawa. Ukizitazama baada ya kutoka Guimiliau, tofauti inajieleza. Abasia ilikuwa ya watawa. Serikali ilipowaondoa mwaka 1790, kuta zilibaki bila mwenyewe, na mkulima wa jirani aliyehitaji mawe ya zizi hakuona anamwibia nani. Kanisa la parokia lilikuwa na wenyewe, tena waliokuwa na majina yao ukutani. Watawa wa Benedikto walirudi Landévennec katikati ya karne ya 20 na kujenga monasteri mpya karibu na magofu. Ukifika saa ya masifu ya jioni, ingia.

Abasia ya Saint-Mathieu iko mwisho kabisa wa nchi kavu, magharibi mwa Brest, na mnara wa taa wa mwaka 1835 umesimama ukuta kwa ukuta na magofu. Masimulizi yanadai kwamba mabaharia wa Léon waliuleta hapa mwili wa mtakatifu Mathayo kutoka Ethiopia, nchi ambayo mapokeo ya zamani yanasema ndiko alikofia dini. Mabaharia wa Bretagne, hata katika hadithi zao, walipenda kujiona wanaijua bahari hadi upande wetu. Na kuna uzi wa kweli pia: Claude Poullart des Places, mwanzilishi wa shirika la Roho Mtakatifu ambalo mapadri wake walifika Zanzibar na kujenga misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, alizaliwa Rennes, mji mkuu wa Bretagne, mwaka 1679.

Rennes ndipo msafiri anapofikia kwa treni kutoka Paris, safari isiyofika saa mbili. Kutoka hapo, gari la kukodi ndilo linalofaa. Mabasi ya vijijini ni machache na vikanisa havikai kandokando ya barabara kuu. Chukua tochi, darubini ndogo kwa ajili ya boriti za juu, na sarafu za euro kwa makanisa ambayo taa zake huwashwa kwa kutumbukiza fedha. Usipange zaidi ya matatu au manne kwa siku. Na ukiweza, pangia safari yako siku ya pardon, yaani sikukuu ya mtakatifu wa mahali, maana jengo lililokuwa kimya siku zote utalikuta limejaa bendera, nyimbo na watu.

Mojawapo ya sikukuu hizo, inayohitaji miguu zaidi kuliko macho, ni Troménie ya Locronan. Ni mzunguko wa kilomita 12 kuufuata mpaka ambao inasemekana mtakatifu Ronan, mkaapweke kutoka Ireland, aliuzunguka kwa miguu mitupu. Njia inapita katikati ya mashamba ya watu na hufunguliwa kwa ajili ya hija hiyo. Ina vituo 12, na kando yake parokia za jirani hujenga vibanda vya matawi na kuwaweka humo watakatifu wao, kila kibanda na mlinzi wake anayewasalimu wapitao na kupokea sadaka. Hufanyika kila baada ya miaka sita, kuanzia Jumapili ya pili ya Julai. Ya mwisho ilikuwa 2025, kwa hiyo inayofuata ni 2031. Miaka ya katikati ipo Troménie ndogo, ambayo mzunguko wake ni nusu ya huo, na yeyote anaruhusiwa kuingia kwenye msafara.